Chai ya Jumatatu

Jacklyne alikuwa amevua kandambili zake na kuzipanga vizuri chini ya benchi, utadhani seli ile ni sebule ya watu na hakutaka kuichafua. Inspekta Lazarus Ochola alizitazama kandambili hizo kabla ya kumtazama mwenyewe, kisha akaketi. Benchi lililia. Ochola alikuwa mtu wa mwili, na mwili huo ulijengwa kwa chipsi na nyama ya kukaanga, hilo hakumficha mtu.

Kesi yenyewe haikuwa na kona nyingi. Profesa Zachariah Mbuthia, bingwa wa maradhi ya moyo, alikuwa amefariki wiki mbili zilizopita nyumbani kwake Kitisuru, sahani ya mboga ya managu mbele yake. Maisha yake yote alikuwa akiwahubiria Wakenya wapunguze mafuta, na hatimaye moyo wake mwenyewe ndio uliosimama. Watu walilichekea hilo kichinichini mpaka Alhamisi jioni, ripoti ya uchunguzi wa maiti ilipotangazwa. Damu ya Profesa ilikuwa na sumu ya moyo. Sumu ya aina hiyo, walieleza wataalamu, hupatikana katika vidonge fulani wanavyopewa wagonjwa wa moyo, vikizidi kipimo. Hupatikana pia katika majani ya kichaka fulani chenye maua ya waridi, ambacho wenye nyumba za Kitisuru wanakipenda sana. Kichaka kama hicho kilikuwa kimestawi nyuma ya jiko la Profesa.

Profesa hakuwa akimeza vidonge. Mpishi alikuwa Jacklyne. Madam Wanjira, mkuu wa upelelezi kituoni, alikuwa amejumlisha majani, sufuria na msichana, na hesabu yake ikaishia hapo. Kesho asubuhi Jacklyne angepelekwa kortini kushtakiwa kwa mauaji.

"Hizo managu ulichuma wapi?" Ochola aliuliza.

"Kwa hiyo shamba ndogo iko nyuma, afande. Nilipanda mimi mwenyewe nikifika."

"Ulifika lini?"

"Mwezi wa nane ikianza. Hata mwezi haikuwa imeisha akikufa. Cousin yangu ndiye alinitoa Mbale."

"Na kile kichaka cha maua?"

"Iko hapo karibu. Lakini mimi najua managu, afande. Nimekula managu tangu nizaliwe." Alijishika vidole. "Ama sijui. Giza ilikuwa imeingia na nilikuwa na haraka. Labda jani moja ilijiweka ndani. Kila siku nalala nikifikiria hiyo jani."

Ochola hakupenda alichosikia. Mshukiwa akishaanza kujishuku mwenyewe, mwendesha mashtaka huwa hana kazi tena.

"Profesa alikuwa mgonjwa kabla ya siku hiyo?"

"Tumbo ilikuwa inamsumbua tangu nimkute. Anakula kidogo tu, kama ndege. Ndio maana nilimwekea maziwa kwa mboga, apate nguvu. Na Jumatatu hata chai hataki. Anatoka na njaa. Nikimuuliza ananiambia, 'Jacklyne, leo natolewa damu.'"

"Jumatatu moja?"

"Kila Jumatatu, afande."

Ochola aliinuka. Kama damu ya Profesa ilitolewa kila Jumatatu, basi ilikuwa imewekwa mahali. Na kama sumu ilikuwa ndani ya damu hiyo kabla msichana huyu hajapanda gari kutoka Mbale, hakuna jani la bustani lingeweza kumfunga.

"Vaa viatu," alimwambia. "Hiyo sakafu ni baridi."

*

Maabara ya Profesa ilikuwa orofa ya nne ya jengo kuukuu katikati ya jiji, na Ochola alifika huko akihema. Kwenye korido palitundikwa picha za Utafiti wa Kabiria, kazi ya maisha ya marehemu, kuanzia alipokuwa daktari kijana mwembamba akiwapima watu uzito huko Kabiria, mtaa wa pembezoni mwa jiji. Wakati huo watu wa Kabiria walikuwa wakilima na kutembea kwa miguu, na mishipa yao ilikuwa safi. Profesa alirudi kwao mwaka baada ya mwaka, akiwatoa damu wale wale, baadaye na watoto wao, huku mashamba yakigeuka vyumba vya kupangisha na mafuta ya kupikia yakiingia kila nyumba. Grafu ya kolesteroli ilipanda kutoka picha hadi picha. Mpaka anafika picha ya mwisho, ya Profesa mwenye mvi akipokea nishani, Ochola alikuwa ameapa kuacha chipsi, kiapo ambacho alikuwa amekula mara nyingi.

Rachael, mtaalamu wa maabara, alimsikiliza akatikisa kichwa.

"Damu ya Profesa? Hapana, afande. Kila chupa hapa ni ya mtu wa Kabiria. Profesa hakuwa anajipima hapa."

"Basi Jumatatu asubuhi alikuwa anafanya nini?"

"Jumatatu alikuwa na mkutano na Daktari Kitheka, naibu wake. Wanajifungia kwa ofisi mapema, sisi hata hatujaanza kazi. Tunasikia tu harufu ya tangawizi. Daktari huja na chai yake kwa thermos."

"Na siku zingine?"

"Walikuwa wanashiriki hiyo chai karibu kila siku. Lakini Jumatatu ndio walikuwa wanajifungia."

"Nifungulie friza."

Ukungu mweupe ulitoka, ukatulia. Trei zilikuwa zimejaa chupa ndogo, zimebanana sawasawa, isipokuwa moja. Katikati yake palikuwa na pengo la safu nzima.

"Hapa huwa na nini?"

Rachael aliinama, akashtuka waziwazi. "Hizo ni K. Kontroli zetu. Kabla nipime damu ya mtu yeyote, napima K kwanza. Naijua vile inafaa kusoma. Ikisoma hivyo, najua mashine haidanganyi. Alhamisi zilikuwa hapa, nimezitumia mimi mwenyewe."

"Mnazitoa wapi?"

"Profesa ndiye alikuwa analeta. Nadhani ni za kununua, kutoka nje."

"Ni za kununua, ndio," ilisema sauti nyuma yao.

Daktari Kitheka alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono, na alimpa Ochola mkono kwa heshima zote. Stima ilikuwa imepotea Jumamosi, alieleza. Jenereta nayo ikagoma. Alipofika alikuta kontroli zimeyeyuka, akazitupa.

"Na hizi zilizo ubavuni mwake?" Ochola aligusa safu ya jirani. "Hazikuyeyuka?"

"Kontroli ni kitu delicate, Inspekta. Hizo zingine zinaweza kuvumilia kidogo."

Lilikuwa jibu zuri. Ochola hakujua vya kutosha kulipinga, na alimwona Rachael akikunja uso. Aliuliza jambo lingine.

"Mlielewana na Profesa?"

"Alikuwa mwalimu wangu. Mimi ni mwanafunzi wake tangu mwaka wa kwanza. Alinifundisha hata kushika sindano." Kitheka alivua miwani, akaipangusa. "Yule msichana mnampeleka korti lini?"

"Kesho."

"Ni vyema. Familia ipumzike."

Rachael alimsindikiza Ochola mpaka kwenye ngazi. Huko alizungumza akiangalia chini.

"Afande, mimi sitaki maneno. Lakini Daktari ana ile poda yake ya kushusha kolesteroli, wamejaribu na watu mwaka mzima. Inafaa kuenda nje, iandikwe kwa majarida. Profesa alikataa kutia sahihi tangu mwezi wa nne. Alisema hizo results hazimkalii sawa. Sasa mwenye kutia sahihi ni Daktari mwenyewe."

"Na hizo K, ni nani anazijua vizuri?"

"Muulize Sista Lornah, kliniki ya Kabiria. Leo ni Jumanne, utampata. Yeye amekuwa na Profesa tangu mwanzo. Sisi wote tulikuja juzi."

*

Kliniki ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya kanisa, na foleni ilikuwa imefika langoni. Sista Lornah, mwanamke mfupi aliyejifunga leso juu ya koti jeupe, alimkagua Ochola kutoka kola mpaka mkanda, akasimama kwenye mkanda.

"Umekula?"

"Tangu jana usiku, hapana. Sista, mimi ni polisi, nimekuja kuhusu..."

"Najua wewe ni nani, uko kwa habari. Keti. Hapa hakuna mtu anaongea na mimi kabla nimtoe damu. Funga ngumi."

Ochola alifunga ngumi. Alikuwa amewahi kukabiliana na majambazi wenye bunduki, lakini alitazama ukutani mpaka sindano ikatoka. Lornah alibandika pamba, akaandika jina kwenye chupa. Kisha, foleni yote ikimngoja, alikwenda kwenye meza ya pembeni, akammiminia kikombe cha chai, akampa na kipande cha mkate, akaketi mbele yake.

"Wale kina mama wangenipa," Ochola alisema, akionyesha wanawake wa kanisa waliokuwa wakikata mkate. "Una watu wengi."

"Wanakata mkate tu. Mwenye kukutoa damu ndiye anakumiminia chai, na anakaa na wewe mpaka umalize. Ni sheria ya Profesa. Mtu akiivunja alikuwa anamfuta."

"Kwa nini?"

"Wakati tunaanza, watu hapa walikuwa wanasema sisi ni wanyonya damu. Kwamba tunauza. Walikuwa wanakimbia wakiona gari yetu. Profesa akasema basi, kila mtu atakunywa chai kutoka kwa ule mkono umemdunga. Ukae hapo, muongee, akuzoee. Watu wakaona, mwenye ubaya na wewe hawezi kukuangalia macho hivyo akikupatia kikombe. Maneno ikaisha."

Ochola alirudisha kikombe mezani polepole.

"Na Profesa mwenyewe? Ni nani alikuwa anamtoa damu?"

Lornah alicheka, kisha kicheko kikamfia. "Kwani hawakukuambia? K ni yeye. Zile za kununua zilikuwa zinakwama airport mpaka zinaharibika. Akasema, mimi nakula chakula ile ile, nalala saa ile ile, kolesteroli yangu haisongi. Tutumie yangu. Hakutaka watu wajue, wangesema mzee anajiweka kwa utafiti wake mwenyewe. Nilimtoa mimi miaka mingi. Maabara ikihamia tao, kule jijini, akaniambia amepata wa kumtoa huko. Mwanafunzi wake, mkono mwepesi."

"Jina?"

"Hakusema, na mimi sikuuliza. Nilikuwa na wivu kidogo."

Ochola hakuhitaji jina. Rachael, aliyezipima K kila siku, aliamini zimenunuliwa. Kwa mtu kama huyo hazikuwa na maana yoyote, angeziiba afanyie nini? Aliyeziondoa baada ya habari za sumu kutangazwa alijua ni damu ya nani. Wa kujua hilo alikuwa mmoja tu, aliyeitoa. Na aliyeitoa, kwa sheria ya Profesa mwenyewe, ndiye aliyemmiminia chai. Mzee aliyetoka Kitisuru na njaa angekunywa kikombe chote.

"Alikuwa anaumwa, Sista?"

"Tangu mwezi wa tano, mvua ikiwa bado. Alikuwa anachafukwa na roho. Siku moja alisimama hapo mlangoni akaniuliza kwa nini nimebadilisha mapazia, nimeweka ya manjano. Pazia ni nyeupe, unaiona. Nilimwambia, kama ungekuwa unameza ile dawa ya moyo ningesema imekuzidi, ndiyo huleta hiyo manjano. Akasema hamezi hata panadol. Tukacheka, tukasema ni uzee." Machozi yalimjaa, na hakujaribu kuyaficha. "Tulicheka, Inspekta. Na mimi ni nesi."

Ochola alimwacha alie kidogo. Halafu akasema, "Kama zile chupa zingekuwepo, tungejua. Zimetupwa."

"Za tao zimetupwa." Lornah alijifuta kwa leso. "Kwani pacha zake si ziko hapa?"

Alimpeleka nyuma ya pazia, kwenye friza ndogo ya sanduku iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Stima ya jijini na ya Kabiria hazipotei siku moja, alieleza akiifungua. Kwa hiyo Profesa alikuwa na desturi ya kuigawa damu yake mara mbili. Nusu ilibaki maabara, nusu aliileta mwenyewe kila Jumanne ndani ya kikasha cha barafu. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemsaidia. Chupa zote zilikuwa zimesimama wima, kila moja na tarehe yake kwa mwandiko wa Profesa.

Ochola alivaa glavu. Alipiga picha friza, trei na chupa. Alichagua ya mwezi wa tatu, ya mwezi wa tano na ya mwezi wa saba, akazifunga katika mfuko wa ushahidi, Lornah akatia sahihi juu ya gundi. Konstebo aliyemwita kwa simu aliondoka nazo kwa pikipiki zikapimwe hospitali, na barafu ya kliniki juu ya mfuko. Kisha Ochola akampigia simu Madam Wanjira.

"Madam, usitume ile faili ya Jacklyne. Nipe mpaka jioni."

"Jioni, Ochola. Sitasimama mbele ya hakimu nikimwambia afisa wangu yuko Kabiria anakunywa chai."

"Niko Kabiria nakunywa chai, Madam. Na naomba kibali cha kupekua nyumba moja Kileleshwa."

"Ya nani?"

Alimwambia.

*

Daktari Kitheka alikuwa akifunga mkoba Ochola aliporudi. Watu walikuwa wameanza kutoka kazini, na maabara ilikuwa tulivu. Alitabasamu, akavuta thermos.

"Inspekta, umepanda ngazi zote hizo tena? Keti. Nikupe chai?"

"Leo nimetolewa damu na mtu mwingine," Ochola alisema. "Nimeshapewa yangu."

Mkono wa Kitheka ulibaki kwenye kifuniko cha thermos.

"Jumatatu mlikuwa mnakutana kuhusu nini, Daktari?"

"Mambo ya utafiti."

"Ulikuwa unamtoa damu. Na zile K hazikununuliwa mahali popote. Zilikuwa zake."

"Nani amekuambia?"

"Wewe uliniambia ni za kununua. Kwa nini?"

Kitheka aliketi. Alikuwa mtu mwerevu, na alifikiri kwanza. "Profesa aliniomba iwe siri. Niliheshimu hilo hata baada ya kifo chake. Ndiyo, nilimtoa damu. Ndiyo, nilimpa chai. Ni kawaida yetu, kila mtu hapa atakuambia. Na kontroli ziliyeyuka. Huwezi kunishtaki kwa kikombe cha chai."

"Hapana. Kikombe kimeoshwa."

"Basi?"

"Pacha ziko Kabiria."

"Wapi?"

"Kabiria," Ochola alirudia. "Mahali ambapo utafiti wenu umechukua jina. Kila Jumanne alizipeleka mwenyewe. Kama ungewahi kufika huko hata mara moja, ungeiona ile friza, ina kitambaa cha kufuma juu."

Ochola alitoa simu yake, akasoma ujumbe kutoka hospitalini kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei za sukari. Mwezi wa tatu, damu safi. Mwezi wa tano, dawa ya moyo ipo. Mwezi wa saba, imepanda sana.

"Mwezi wa nne alikataa kutia sahihi poda yako. Yule msichana alifika Nairobi mwezi wa nane. Na wenzangu wako kwako Kileleshwa sasa hivi. Wamepata vidonge vya moyo vyenye jina la baba yako. Mwenye nyumba anasema mzee alifariki mwaka juzi."

"Angeniharibia kila kitu," Kitheka alisema. Alikuwa akiitazama thermos. "Nilimwambia zile namba zitajirekebisha tukipata watu zaidi. Nilimwomba Jumatatu baada ya Jumatatu. Anakaa hapo, anakunywa, ananiambia nianze upya. Miaka yote ile, nianze upya. Na akimaliza ananishukuru kwa chai."

"Simama," Ochola alisema. "Usiguse hiyo thermos."

*

Taa za kituo zilikuwa zimewashwa alipofika. Madam Wanjira alisoma karatasi ya hospitali mara mbili, akatia sahihi ya kumwachilia Jacklyne, akamsukumia Ochola bila kumtazama. Kutoka kwake hiyo ilikuwa pongezi kubwa.

Jacklyne alikuwa amevaa kandambili safari hii. Aliposikia mlango ukifunguliwa alisimama moja kwa moja, mikono mbele, tayari kwa pingu.

"Weka mikono chini. Unaenda nyumbani," Ochola alimwambia. "Kuna mtu alikuwa anamwekea dawa kwa chai, kule kazini, tangu wewe uko Mbale. Tumemshika."

Msichana aliendelea kusimama. Hakuuliza ni nani. Hakuuliza kwa nini. Ochola alidhani hajaelewa, akataka kurudia.

"Kwa hivyo haikuwa mboga yangu?"

"Haikuwa mboga yako."

"Hata jani moja?"

"Hata jani moja, Jacklyne."

Hapo akaketi sakafuni akalia kwa sauti kubwa, mpaka konstebo wa zamu akaja kuchungulia kuna nini. Ochola alimfukuza kwa mkono. Halafu akamwita tena, akamwambia atafute mahali wanauza chai bado, alete kikombe kimoja, na asikilete kwa msichana. Akilete kwake Ochola, atampa kwa mkono wake mwenyewe.